Somo: Ukiwekwa katika listi ya kungojea, uandike nini?

Wanafunzi wenzetu wa kalasi ya mwisho, somo hili ni lenu kwanza. Lakini wadogo wenu nao walisome, kwa sababu miaka inakimbia, na yule anayecheza mpira leo kesho atakuwa anatafuta photo pasiporo kwa ajili ya dosie yake.

Chuo kikuu kinaweza kumpa mtu majibu matatu. La kwanza ni ndiyo. La pili ni hapana. Hayo mawili hata bibi aliye shambani anayaelewa. Jibu la tatu ndilo linalosumbua: umefaulu, lakini nafasi zimejaa, jina lako liko katika listi ya kungojea. Mtu akiisha kusoma maneno hayo hajui kama acheke ao alie. Baba anauliza: «Basi umeingia?» Unasema: «Bado.» «Umekataliwa?» «Hapana.» Baba anakuangalia tu.

Tuliona kwamba wengi wakipata jibu hili wanafanya moja kati ya mambo mawili. Wengine wanakaa kimya nyumbani, simu mkononi, wakingoja kuitwa. Wengine wanaanza kukimbia mjini huku na huku, wakitafuta mtu anayemjua mtu. Njia zote mbili si nzuri. Kuna njia ya katikati, nayo ni barua moja, fupi, ya kweli, inayopelekwa kwa wakati wake. Lakini mbele ya kushika kalamu tuelewe kwanza listi hiyo inafanya kazi namna gani.

Listi inatoka wapi

Tuseme fakilte moja ina nafasi 100 za mwaka wa kwanza. Vijana waliofanya mtihani wa kuingia ni wengi kuliko nafasi. Fakilte inachukua 100 wa kwanza, na nyuma yao inaandika 30 wa kungojea. Kwa nini isiseme tu hapana kwa hao 30? Kwa sababu wakubwa wa chuo wanajua kwamba wale 100 hawatafika wote. Mmoja alikuwa ameomba katika vyuo viwili, akachagua kile kingine. Mwingine mzazi wake hakupata pesa za minervali. Mwingine alihama na familia. Mwingine aligonjwa. Siku ya mwisho ya kulipa inafika, wanahesabu, wanakuta waliolipa ni 78.

Basi nafasi 22 ziko wazi. Wanaita 22 wa kwanza katika listi ya kungojea. Kati yao 8 hawaitikii: simu imefungwa, ao walikwisha kuanza masomo pengine, ao hawana pesa. Wanaita tena 8 wanaofuata, na hao wote wanafika. Muone sasa: yule wa 30, wa mwisho kabisa, ameingia, na yule wa 5 ambaye simu yake ilikuwa imefungwa amebaki nje. Hesabu hii ni ya mfano tu, tumeitunga sisi wenyewe, lakini inaonyesha neno kubwa la somo letu. Sekretariati ya chuo, ikiangalia jina lako katika listi, haiulizi tena kama una akili. Mtihani ulikwisha kujibu. Inauliza: tukimwita huyu, atakuja? Atakuja upesi? Atakuja na malipo?

Barua yako inapashwa kujibu maswali hayo matatu. Mengine yote ni nyongeza.

Kuna jambo lingine la kuuliza mapema: je, listi ina hesabu ya cheo, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu? Ao ni majina tu yasiyopangwa? Kama ina cheo, barua haitakupandisha kutoka wa 20 hadi wa 3. Itasaidia tu usirukwe zamu yako ikifika. Kama haina cheo, wakubwa watachagua, na hapo barua nzuri inaweza kuwa na uzito. Swali hilo linaulizwa kwa adabu kwenye aparitorati, na hakuna anayekasirika.

Kwingine wanafanya namna gani

Si vyuo vyote duniani vinavyotaka barua. Ni vizuri kujua, maana siku hizi wengine kati yetu wanaomba hata inje ya inchi.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa namna yetu. Kutoka 1971 mpaka 1981 vyuo vyote vikubwa vya inchi, Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, vilikuwa chuo kimoja tu, UNAZA, na mambo ya nani asome nini na wapi yalikatwa mbali sana na Kivu. Mtu alisikiliza redio. Leo mtoto wa Nyantende anaweza kupeleka dosie yake kwa mguu wake mwenyewe mpaka Bukavu: kuna ISP, kuna UCB iliyoanza 1989, kuna UEA iliyoanza 1991 na ambayo iko kule Panzi, karibu yetu kabisa, kuna UOB iliyoanza kama tawi la Kisangani katika 1993, na vyuo vingine tena. Kuwa karibu ni baraka, kwa sababu barua unaipeleka kwa mkono. Lakini pia ni majaribu, kwa sababu mtu anataka kwenda kusumbua ofisi kila siku.

Kule Kenya, wanafunzi wanaosaidiwa na Serikali wanagawanywa na ofisi moja inayoitwa KUCCPS. Ukitaka kubadilishwa, unapita katika mashine yao, kwa tarehe waliyoweka. Ukimwandikia mkubwa wa chuo barua ya machozi, haitafika popote. Kule Tanzania, tangu 2017, mwanafunzi anaomba mwenyewe chuoni, na majina yanatoka kwa awamu. Aliyekubaliwa na vyuo viwili ao vitatu anapewa namba ya siri katika simu yake, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja tu. Asipothibitisha kwa siku zilizowekwa, anahatarisha nafasi yake, na nafasi zilizoachwa zinaweza kupewa wengine katika awamu inayofuata. Ufaransa nao, tangu 2018, wana mashine inayoitwa Parcoursup: anayengojea anaona kila siku namba yake ikishuka, wa 240, wa 198, wa 151, kwa kadiri wengine wanavyoacha nafasi zao. Hakuna barua hapo. Kuna tu kuthibitisha kwamba bado unangojea, na asiyethibitisha anaondolewa.

Marekani ndiko barua hii inapojulikana sana. Vyuo vingi kule vinatoa majibu katika mwezi wa tatu, na tarehe 1 ya mwezi wa tano ndiyo siku ya kawaida ya kusema ndiyo na kulipa pesa kidogo za kushika nafasi. Nyuma ya tarehe hiyo wanajua nafasi ngapi zimebaki, na wanafungua listi. Vyuo vingine vinasema wazi: tuandikieni mutuonyeshe kama bado munatutaka. Vingine vinasema wazi vile vile: musitupelekee kitu chochote. Anayepeleka nyuma ya kukatazwa ameonyesha kwamba hasomi maagizo. Tena mujue kwamba kule, mara nyingi, pesa za kusaidia wanafunzi zinakuwa zimekwisha gawanywa listi inapofunguliwa. Kijana wa huku anayengojea chuo cha Marekani na msaada wa pesa kwa pamoja, na visa bado haijaombwa, asiweke mayai yote katika kikapu hicho.

Sheria ya kwanza basi ni kusoma kwanza yale chuo kimeandika, mpaka mstari wa chini kabisa. Ukiambiwa andika, andika. Ukiambiwa jaza fomu, jaza fomu. Ukiambiwa nyamaza, nyamaza. Kama hawakusema kitu, kama vile inavyokuwa mara nyingi kwetu, barua moja ya adabu haimdhuru mtu.

Barua yenyewe

Iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi. Hapa tutaionyesha kwa Kiswahili ili maana ieleweke kwanza; kuivalisha Kifaransa ni kazi yenu pamoja na mwalimu. Karatasi moja tu, upande mmoja. Mkono ukiwa mzuri, iandikwe kwa mkono. Kama sivyo, ipigwe kwa mashine. Tunaipendekeza iwe hivi:

«Kwa Bwana Sekretari Mkuu wa masomo. Bwana Sekretari, mimi naitwa (jina lote kama lilivyo katika dosie), namba ya dosie yangu ni (namba). Nilifanya mtihani wa kuingia katika fakilte ya utabibu tarehe (tarehe), na nimeona jina langu katika listi ya kungojea. Ninawashukuru kwa kuniweka humo. Ninaandika ili kuwajulisha kwamba chuo chenu kinabaki chaguo langu la kwanza, na mukiniita nitakuja kujiandikisha kwa siku mutakazoweka. Tangu nilipotoa dosie, mambo mawili yameongezeka: nimepata matokeo ya mtihani wa Serikali, pursantaje (hesabu), ambayo fotokopi yake iko hapa pamoja, na tangu mwezi wa nane ninasaidia katika kituo cha afya cha kwetu, kuandika wagonjwa wanaofika. Wazazi wangu wamekwisha kutayarisha malipo ya kipande cha kwanza. Simu yangu ni hii, na nikikosekana, simu ya mama yangu ni hii. Pokeeni heshima zangu.»

Imekwisha. Tuiangalie sasa kidogo kidogo.

Namba ya dosie iko juu kwa sababu karani ana majina mengi, na majina yetu yanafanana. Ni wasichana wangapi katika Bushi wanaitwa Furaha ao Nsimire? Bila namba, barua yako inaweza kuingia katika dosie ya mwingine, nawe ukamwombea nafasi bila kujua.

«Chaguo langu la kwanza». Maneno hayo ni mazito. Yasiandikwe kwa vyuo viwili. Wengine wanasema: nani atajua? Bukavu si mji mkubwa hivyo. Profesa mmoja anafundisha asubuhi katika chuo hiki, na mangaribi katika kile. Lakini hata kama hakuna atakayejua, umeahidi kitu usichoweza kutimiza, na nafasi utakayoiacha kesho ni ile mtoto mwingine alikuwa akiingojea. Kama kweli chuo hicho si cha kwanza kwako, andika tu «bado ninapenda sana kusoma kwenu». Inatosha, na ni kweli.

Mambo mapya. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika tena yale yaliyo katika dosie: nilizaliwa wapi, nilisoma wapi, ninapenda kusaidia watu. Yote hayo chuo kinayo. Andika kile ambacho hakikuwepo siku ulipotoa dosie. Kama hakuna kitu kipya, usitunge. Barua yenye mistari minne ya kweli inapita barua yenye mistari arobaini ya mapambo. Tena usichukue nafasi hiyo kulalamika kwamba mtihani ulisahihishwa vibaya, ao kwamba fulani aliyeingia anakushinda ujinga. Hata ikiwa kweli, si barua yake hiyo.

Malipo. Wengine wanaona haya kusema habari ya pesa. Lakini muone kutoka upande wa ofisi: nafasi nyingi zinapotea kwa sababu ya malipo tu. Mtu akisema wazi kwamba kipande cha kwanza kiko tayari, amewaondolea mashaka. Na kama hakiko tayari? Usiseme kiko. Sema ukweli: «familia inatafuta, na tutajua mbele ya tarehe fulani». Kuna wakati ofisi inakubali kungoja siku chache kwa mtu aliyesema mapema. Kwa mtu aliyedanganya haingoji.

Simu. Andika mbili, na zote mbili ziwe wazi. Mwaka 2025, M23 walipoingia Bukavu katika mwezi wa pili, masomo yalikatika, na watu wengi wakakimbilia Burundi na pengine, wakibadilisha namba. Aliyebadilisha namba bila kujulisha chuo hakuweza kupatikana. Ukihama, ukibadilisha laini, ukipoteza simu, jambo hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuandika mara ya pili.

Kuipeleka na kungojea

Tengeneza fotokopi moja. Ufike ofisini na karatasi mbili: ya kwanza inabaki, ya pili unaomba wakupigie kashe na kuandika tarehe waliyopokea. Hiyo unaitunza katika kifuko cha plastiki pamoja na buletini zako. Siku mtu akisema «hatukuona barua yako», unaitoa bila kelele.

Nyuma ya hapo, rudi nyumbani. Kama majuma mawili ao matatu yamepita, na tarehe waliyoisema imefika bila neno, unaweza kwenda kuuliza mara moja. Anayekuja kila asubuhi anajulikana upesi, lakini si kwa wema. Na wazazi vile vile! Tunasema kwa heshima yote: baba akienda kugombana na karani, jina la mtoto halipandi.

Habari ya barua za wakubwa. Wengi wanatafuta kibarua cha pasta mkubwa, cha mbunge, cha mjomba aliye katika cheo. Sisi tunaona kwamba neno la mwalimu wako wa kemia ao la prefe, anayejua namna ulivyofanya kazi hapa, lina faida kuliko jina kubwa la mtu asiyejua hata pursantaje yako. Moja inatosha.

Na sasa neno ambalo hatutalipita haraka. Wakati wa listi ndio wakati wa wezi. Mtu anakupigia simu ao anakutana nawe karibu na kampasi, ana karatasi mkononi, anajua jina lako, anajua hata cheo chako katika listi (kumbe listi imebandikwa ukutani, kila mtu anaiona). Anasema: dola hamsini, kesho uko ndani. Tunauliza: dola hamsini za nani? Za ng'ombe wa baba. Za mihogo ya mama, aliyoibeba mgongoni mpaka sokoni miezi mingapi? Malipo ya chuo yanafanywa kwa njia chuo kilivyoandika, na yanatoa karatasi yenye kashe. Kama hakuna karatasi, hayo si malipo. Na aliyeingia kwa njia hiyo, siku listi ikikaguliwa, hana wa kumlalamikia.

Musikae bure

Mtu akiwa katika listi ya kungojea, asihesabu kwamba ameingia. Tafuta chuo cha pili sasa hivi. Uliza tarehe yake ya mwisho ya kujiandikisha, uliza kipande cha kwanza ni kiasi gani, na uliza wazi: nikiondoka nyuma ya wiki mbili, kuna kitu kinachorudishwa? Mara nyingi hakirudishwi. Kwa hiyo mukae na wazazi muhesabu pamoja. Familia nyingine itasema: tuchukue chuo cha pili, tusahau cha kwanza. Nyingine itasema: tungojee mpaka tarehe fulani, si zaidi. Zote mbili ni shauri la akili, mradi tarehe iwe imekatwa mbele, iandikwe, na isogezwe na mtu asubuhi akiwa na usingizi. Shamba lisiuzwe kwa sababu ya listi. Likiuzwa, liuzwe kwa sababu ya jibu.

Kwa wasichana tuongeze neno. Kijana wa kiume akikaa mwaka mmoja nyumbani, watu wanasema anangojea masomo. Binti akikaa mwaka mmoja nyumbani, wageni wanaanza kuja jioni kuzungumza na baba. Tumeona akili nzuri sana zikiishia hapo. Kwa hiyo dada aliye katika listi ya kungojea ana haja kubwa zaidi ya chuo cha pili, hata kama ni cha masomo aliyoyapenda kidogo: uuguzi mahali pa utabibu, biolojia ya ISP mahali pa famasi. Na walimu, tafadhali, mwende mukaongee na wazazi wao. Neno la mwalimu aliyepanda kilima mpaka nyumbani kwa mzazi linasikiwa kuliko barua.

Zoezi

Barua hii tumeitunga ili muikosoe. «Wapendwa wakubwa wa chuo, nalia machozi nikiandika. Tangu utoto ninaota kuwa munganga. Nimeandikia vyuo vyote vya Bukavu kwamba ni vya kwanza kwangu. Mtihani wenu ulikuwa na makosa. Mjomba wangu ni mkubwa, atakuja kuwaona. Nipigieni simu. Mimi, Espérance.»

Tafuteni makosa yote yaliyo ndani, kisha muiandike upya kwa Kifaransa, mistari isiyopita kumi na mbili. Wa kalasi ya mwisho wafanye peke yao. Wa chini yao wafanye wawili wawili. Mwalimu wa Kifaransa amekubali kuzisahihisha zikimfikia mbele ya siku ya tano saa sita, na ile iliyo bora tutaipiga katika buletini ijayo, jina la mwandishi likifichwa kama akitaka.